Wenyeji Thelathini na Wanne

Shule ya Msingi Sirikwet,
S.L.P. 14,
Sirikwet.
6 Mei 1973

Mama mpendwa,

Naandika kwa Kiswahili ili wifi yangu Chepkosgei akusomee Waithaka akiwa kazini. Natumaini jicho la kulia bado linaona mwanga wa dirisha.

Tangu nihamishiwe huku mwezi wa kwanza umeniuliza kila barua kama nimeshaenda kuliona jiwe la vita. Leo Jumapili nimekwenda. Mvua imeninyeshea kwenda na kurudi. Hapa Sirikwet watu hawaulizani kama itanyesha, wanaulizana saa ngapi. Jiwe lenyewe ni ukuta mpana kando ya kanisa la wazungu, chini ya miti ya krismasi, na nyasi zimefika magotini.

Mama, jina la baba lipo. Liko mkono wa kulia, mstari wa tatu: Gachanja wa Ngigi. Herufi ni kubwa na zimechongwa vizuri. Bwana Kofia alitimiza ahadi yake. Sasa moyo wako utulie.

Bintiyo,
Nyakio

(Karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyo hiyo, imekunjwa na kuandikwa jina la Waithaka)

Waithaka,

Hii ni yako peke yako. Isome halafu uichome.

Jina halipo. Nimelizunguka lile jiwe mara tatu kama mwehu. Mbele kuna majina kumi na moja ya wazungu, kila mmoja na cheo chake na mahali alipofia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwa Kiingereza: "Na wenyeji thelathini na wanne wa mashamba haya." Basi. Nyuma hakuna kitu. Hata ng'ombe wa Bwana Kofia walikuwa na majina, kila mmoja na kibao chake mlangoni pa zizi.

Wewe ulikuwa na miaka saba tulipofukuzwa shambani, unakumbuka kuliko mimi. Bwana Kofia, yule mzungu, alimwambia mama kwamba hawezi kumweka mjane asiye na mwanamume wa kuchuma pareto, lakini aende kwa amani kwa sababu jina la mumewe litachongwa kwenye jiwe la vita. Akaenda. Miaka ishirini na mitano tumemsikia akisema, "Hatukupewa shamba, lakini tulipewa jiwe."

Barua ya mama nilikuwa nimeshaitunga kichwani nikienda, kila neno. Niliporudi, nguo zikichuruzika maji, niliiandika vile vile nilivyoitunga. Sikuweza kuandika nyingine.

Dadako,
Nyakio

*

Kambi ya Visima, Olkaria,
S.L.P. Naivasha.
20 Mei 1973

Nyakio,

Umefanya nini wewe?

Mama ameambia kambi nzima. Jumapili iliyopita alisimama kanisani akatoa ushuhuda, jina la mume wake liko kwenye jiwe, mstari wa tatu, mkono wa kulia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa pale nikiangalia viatu vyangu.

Hiyo si mbaya bado. Sasa anataka kuja. Anasema macho yameisha lakini vidole viko, anataka kushika hilo jina herufi moja moja. Amepanga Agosti shule zikifungwa. Ameshaniambia nimnunulie koti la mvua.

Ukweli mimi hilo jiwe halinihusu. Baba alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza, nikiwa na mwaka mmoja na nusu, wewe ukiwa tumboni, akafia vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Hatukuona mwili, hatukuona kaburi. Wazungu wenyewe wameshaenda zao. Lakini mama si mimi.

Kwa hivyo chagua. Mwambie ukweli, au tafuta mtu achonge jina kabla ya Agosti. Mimi sitamwambia. Uongo si wangu.

Waithaka

*

Sirikwet,
10 Juni 1973

Kaka yangu,

Nimechagua kuchonga. Sikiliza sasa nilivyozungushwa.

Nilianza kwa karani wa baraza la mji, Bwana Mathenge. Nilimngoja tangu saa nane mpaka saa kumi. Akaniambia, "Mwalimu, hilo jiwe si letu. Liko kwenye kiwanja cha kanisa." Mzee wa kanisa akasema kiwanja ni chao, lakini jiwe ni la chama cha wanajeshi wa zamani. Chama kilikuwa na ofisi mkabala na stesheni. Nimekwenda: siku hizi ni bucha. Mwenye bucha alinicheka, kisha akanionea huruma akanipa kiti. Nikarudi kwa Bwana Mathenge. Akasema kama jiwe halina mwenyewe basi ni la serikali, na la serikali haliguswi bila barua yenye muhuri. "Muhuri wa nani?" nikamuuliza. "Wa mwenyewe," akasema. Naapa hivyo ndivyo alivyosema.

Mwenye bucha ndiye aliyenielekeza kwa Jaswant Singh. Ni Singasinga mzee mwenye duka la saruji na mbao, na ujanani alikuwa fundi wa mawe. Nilipomtajia jiwe aliweka kikombe chini. Ni yeye aliyelichonga, mwaka wa arobaini na nane, kwa mikono yake.

"Majina yalikuwako," akaniambia. "Karatasi mbili, taipu safi. Watu weusi wote, moja moja. Halafu kamati ya wazungu wakasema majina mengi, jiwe dogo, weka namba. Mimi nikawaambia, upande wa nyuma iko nafasi. Wakasema nyuma hakuna mtu anaangalia."

"Na zile karatasi?"

"Mwandishi wa kamati alichukua. Alienda Afrika Kusini."

Nikamwomba amchonge baba peke yake. Alikataa, na hakukataa kwa ubaya. Alisema akichonga mmoja, kesho watu wa wale thelathini na watatu watamuuliza wao walikosa nini. Niende na orodha nzima, na muhuri. Kisha akafungua droo akanionyesha barua yake. Ameambiwa afunge duka mwisho wa mwezi wa nane, leseni haitapewa tena mtu asiye raia. Miaka arobaini yuko Sirikwet. "Nikigusa jiwe bila muhuri, mwalimu, watanifungia kesho badala ya Agosti."

Nimeandika Nairobi kwa watu wa kumbukumbu za jeshi. Nangoja.

Nyakio

*

Olkaria,
1 Julai 1973

Nyakio,

Naandika haraka. Kesho napanda kisima kipya cha mvuke, wiki mbili sirudi nyumbani, tunalala huko huko kwenye mitambo. Masikio yangu yanalia mpaka sasa.

Mama anahesabu siku. Koti la mvua analivaa ndani ya nyumba. Kama orodha haijapatikana mwandikie kwamba barabara imeharibika, daraja limevunjika, kitu kama hicho. Tupate nafasi mpaka Desemba.

Waithaka

*

Sirikwet,
8 Julai 1973

Mama mpendwa,

Mvua ya mwaka huu imezidi. Daraja la kuingia Sirikwet limevunjika na mabasi yanaishia Molo. Wanasema litatengenezwa kabla ya Krismasi. Itabidi tusogeze safari yako hadi Desemba. Jiwe liko pale pale, haliendi popote.

Bintiyo,
Nyakio

(Karatasi ya pili)

Waithaka,

Nimefanya ulivyosema. Daraja ni zima, jana lori la viazi kutoka Kuresoi limepita juu yake.

Nairobi wamejibu. Wamenitumia fomu, nijaze nakala tatu, na nambari ya baba ya jeshi. Nambari hatuna. Bila nambari, wanasema, hakuna mtu huyo. Nimemrudia Bwana Mathenge mara ya nne, safari hii alijificha, niliona kofia yake nyuma ya kabati. Mashamba ya zamani yamegawanywa, waliomo ni wageni waliokuja baada ya uhuru. Nimewauliza wazee watano. Mmoja alikumbuka majina mawili, na jina moja lilikuwa la mbwa wa bwana.

Nimechoka, kaka. Mama anasifu jina ambalo halipo, na kila wiki naongeza uongo mwingine wa kushikilia ule wa kwanza. Ikifika Desemba nitavunja nini?

Nyakio

*

Olkaria,
15 Julai 1973

Kwa Nyakio binti Gachanja,

Anayeandika ni Chepkosgei. Maneno ni yangu na nimemkataza kuyapunguza.

Bahasha yako ilipofika niliishika, nikajua karatasi ni mbili. Waithaka yuko kisimani. Nikamwambia Chepkosgei, soma zote. Akasoma ya kwanza, daraja limevunjika. Akaanza ya pili, akafika katikati akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akaendelea mpaka jina lako.

Bwana Kofia alinidanganya mara moja, tena alikuwa ananifukuza. Wewe umenidanganya ukiniita mama mpendwa. Nilisimama kanisani. Nilitaja mstari. Nilitaja na mkono wa kulia.

Mlikaa, wewe na kaka yako, mkaona kwamba mimi si mtu wa kuambiwa. Nilizaa mwezi wa pili baada ya lori kuondoka na mume wangu. Nilisomewa barua ya kifo chake nikiwa na kikapu cha pareto mgongoni, nikamaliza kuchuma mstari kwa sababu nyapara alikuwa anaangalia. Halafu mnaogopa kuniambia habari ya jiwe.

Nakuja Jumamosi, tarehe nne Agosti. Chepkosgei atanisindikiza mpaka Nakuru na kunipandisha basi. Ningoje stendi. Daraja likiwa limevunjika nitavuka mtoni.

Mamako

Wifi, nisamehe. Sikujua barua inasema nini. Alikuwa ameushika mkono wangu wakati wote nasoma. – Chepkosgei

*

Sirikwet,
5 Agosti 1973

Waithaka,

Mama amefika salama. Amelala kitandani kwangu, mimi naandika mezani, na mvua inapiga mabati hata sisikii kalamu.

Jana aliposhuka basi hakunisalimu. Alinipa mfuko wake nibebe, akashika bega langu, akasema, "Twende." Sikujua kama nianze kwa kuomba msamaha au nimwonyeshe dimbwi la maji mbele yake. Nilimwonyesha dimbwi.

Nilikuwa nimemwambia Mzee Jaswant siku atakayokuja mama. Tulimkuta pale kanisani amesimama na mwavuli mkubwa mweusi. Akasema, "Karibu mama." Mama akauliza, "Huyu ndiye aliyechonga?" Nikasema ndiye.

Alilipapasa jiwe kuanzia juu. Kila alipofika kwenye jina alisimamisha vidole na kuniambia nisome. Nikasoma wazungu wote kumi na mmoja. Wawili aliwajua, mmoja alisema alikuwa kijana mzuri, alikuwa akiomba uji jikoni kwa wafanyakazi. Kisha vidole vikafika chini.

"Na hapa?"

Nilisoma. "Na wenyeji thelathini na wanne wa mashamba haya."

"Wangapi?"

"Thelathini na wanne, mama."

"Si kweli," akasema. "Walikuwa thelathini na sita. Wawili walirudi na kifua wakafia nyumbani. Hao hawakuwahesabu."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Nikamuuliza anajuaje. Waithaka, alinigeukia na yale macho yake meupe kama vile mimi ndiye kipofu.

"Tulikuwa tukikutana kila Jumapili," akasema. "Wajane wa mashamba yote matano. Nyuma ya stoo ya pareto. Miaka mitatu na zaidi, mpaka nilipofukuzwa. Tulisali, na kabla ya kusali tuliwataja wote, mmoja mmoja. Unafikiri nimesahau?"

Akaanza kutaja. Hapo hapo, mvuani. Nilitoa daftari la darasa la nne mkobani, Mzee Jaswant akanifunika kwa mwavuli wake na yeye mwenyewe akaloa. Wakikuyu, Wakipsigis, Waluhya, jina la mtu na jina la baba yake na shamba alilotoka. Alikwama mara moja tu, kwenye la thelathini na moja, akarudi nyuma majina matatu akalipata. Baba ni wa ishirini na mbili.

Miezi mitatu nimeitafuta orodha hii. Nimeandika Nairobi. Nimekaa kwenye benchi la Bwana Mathenge mpaka sketi ikachanika. Nayo ilikuwa nyumbani kwako, imevaa koti la mvua, inakunywa chai.

"Mama," nikamwambia, "mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Mzee Jaswant alichukua daftari akasoma pole pole, midomo ikicheza. Mimi nilimwambia muhuri bado sina, na sitaupata. "Duka wanafunga mwisho wa mwezi," akasema. "Sasa watanifungia nini?" Kisha akamuuliza mama kama aanze na Gachanja.

"Hapana," mama akasema. "Kama nilivyotaja. Anza na wa kwanza."

Usiku wa jana tulikula bila kuzungumza. Leo asubuhi ameniuliza kama nina sukari. Labda ni mwanzo.

Atarudi Jumatano. Mpokee Naivasha, na ujitayarishe, ana maneno yako pia.

Nyakio

*

Sirikwet,
2 Septemba 1973

Mama,

Nimekwenda kwenye jiwe leo mchana, na haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu.

Jina la baba halipo.

Mzee Jaswant alianza kuchonga tarehe kumi na tatu, upande wa nyuma, juu kabisa. Jiwe ni gumu na mikono yake imezeeka. Siku zisizo na mvua alimaliza majina mawili, siku za mvua moja, na siku tatu hakuweza kabisa. Alikuwa akifunga duka saa sita na kwenda na mkoba wake wa patasi, watu wakapita wakimtazama. Hakutaka malipo. Nilimpelekea chai.

Siku ya Alhamisi, tarehe thelathini, Bwana Mathenge alikuja na askari wawili. Akauliza nani ametoa ruhusa. Nikasema mimi. Akasema mimi ni nani. Nikasema ni mwalimu wa darasa la nne na binti wa mmoja wao. Wakachukua patasi na nyundo. Jioni ya Ijumaa Mzee Jaswant alipanda treni na mkewe. Wanakwenda Uingereza kwa mtoto wao Amrit. Stesheni aliniambia, "Mwambie mama nilichelewa kuanza." Sikujua kama alimaanisha wiki ile au mwaka wa arobaini na nane.

Amechonga majina kumi na tisa. Baba ni wa ishirini na mbili.

Kuna jambo lingine ambalo ningeweza kuacha kulisema. Jumanne, tarehe ishirini na nane, niliona siku hazitatosha. Nilikwenda pale nimeshaamua kumwomba amruke kila mtu amchonge baba, nawe usingejua. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, Chepkemboi, ametoka Kuresoi na gunia la viazi kichwani. Alikuwa amesikia sokoni. Baba yake ni wa kumi na moja. Alikuwa akimgombeza Mzee Jaswant kwa sababu ameandika Kiplabet badala ya Kiplabat, na fundi wa watu alikuwa amepiga magoti akijaribu kuigeuza ile herufi. Nilisimama na chupa ya chai. Nikamimina, wakanywa, nikarudi nyumbani bila kusema lililonipeleka.

Nimepata barua ya onyo kutoka kwa mkaguzi wa shule. Huenda nikahamishwa. Majina yaliyochongwa hawajayafuta. Bwana Mathenge anasema suala liko mezani, na meza yake naijua.

Nimekasirika, mama. Nina hasira na Mathenge, na mvua, na ile kamati ya wazungu waliokwisha kufa au kuhama hata siwezi kuwagombeza. Na mimi mwenyewe. Mwezi wa tano na wa sita fundi alikuwa na nguvu na wakati, na mimi nilikuwa nikikuficha. Ningekwambia ukweli siku ile ya kwanza, leo yote thelathini na sita yangekuwa pale. Sijui niombeje msamaha wa kitu kama hicho.

Nyakio

*

Olkaria,
16 Septemba 1973

Nyakio mwanangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Kwanza na Chepkosgei, halafu na mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye hatujui vizuri, ili nione kama maneno ni yale yale. Ni yale yale.

Jumapili nilisimama tena kanisani. Nikawaambia nilichosema mwezi wa tano hakikuwa kweli, jina halipo. Hawakupiga makofi. Waithaka alikuwa amekaa kando yangu, na nilipokaa alinipa leso. Amesema akipata likizo atakuja kuliona hilo jiwe lisilomhusu.

Ulifanya vizuri kutomwomba fundi amruke mtu. Sikukwambia kwa nini niliwataja vile. Ule ni mpangilio wa barua. Kila barua ya kifo ilipofika shambani, mwanamke aliyeipokea aliletwa kwetu nyuma ya stoo, na jina la mumewe likaongezwa mwisho. Mimi nilipoletwa nilikuta wanawake ishirini na mmoja wamekaa chini. Walisogea, wakanipa nafasi. Siwezi kumpitisha baba yako mbele ya waume zao.

Hasira yako iweke, utaihitaji kwa huyo karani. Mimi bado ninayo yangu juu yako, lakini inapungua.

Sasa tafuta fundi mwingine. Uliza Molo, uliza Nakuru. Wa ishirini ni Simiyu. Mjane wake ni Nanyama, ndiye aliyenishika mkono siku ile nilipoletwa, na mara ya mwisho nilisikia yuko Kitale kwa binti yake. Mwandikie. Mwambie zamu yake imefika.

Mamako